Kasi na shinikizo, au vortisiti? Jinsi ya kuchagua unapolichambua tabaka la mpaka karibu na ukuta

Anayeanza kushughulika na mtiririko karibu na ukuta, awe anaandika programu, anapima maabarani au anaandaa tasnifu, hufika mahali akalazimika kuamua: ahesabu kwa kasi na shinikizo kama vitabu vingi vinavyofundisha, au ahamie kwenye vortisiti, yaani kipimo cha jinsi maji au hewa inavyojizungusha katika kila nukta? Njia zote mbili zinatoka katika milinganyo ileile ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa maji, hewa na vingine vyenye mnato, na hakuna iliyobeba fizikia zaidi ya mwenzake. Ila kila moja ina mahali inapokubeba na mahali inapokutupa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa kukokotoa, hasa mtiririko wa pande tatu, kasi na shinikizo ndiyo chaguo la kwanza, na anayekwenda kinyume awe na sababu mkononi. Kwa kuelewa kilichotokea (tabaka limenenepa kwa nini, limebanduka wapi, nani kalibandua) vortisiti haina mpinzani. Na pale ukutani penyewe njia hizi mbili zinakutana katika mlinganyo mmoja mfupi, ambao kwa maoni yangu ulistahili kufundishwa wiki ya kwanza badala ya kufichwa sura za mwisho.

Kinacholinganishwa

Ludwig Prandtl alilieleza tabaka la mpaka mwaka 1904, katika mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg. Giligili yoyote, iwe maji, hewa au mafuta, haitelezi inapogusa ukuta: kasi yake pale ni kasi ya ukuta wenyewe. Ukipanda kidogo tu kutoka ukutani, kasi inafikia ile ya mtiririko wa nje, tuiite U. Sehemu nyembamba iliyo katikati, ambamo kasi inapanda kutoka sifuri hadi U, ndiyo tabaka la mpaka.

Njia ya kwanza inalieleza tabaka hilo kwa kasi katika kila nukta pamoja na shinikizo. Njia ya pili inauliza kitu kingine: kipande kidogo kabisa cha giligili mahali hapa kinajizungusha kwa kasi gani? Mara mbili ya jibu hilo ndiyo vortisiti. Karibu na ukuta ulionyooka hesabu yake ni nyepesi, kwa sababu inakaribia kuwa sawa na kiwango cha kupanda kwa kasi unapoondoka ukutani. Nitaiandika Ω = du/dy, ambapo u ni kasi kando ya ukuta na y ni umbali kutoka ukutani. Alama ya kutoa inayotokea katika vitabu nimeiacha makusudi, maana haibadilishi hoja.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbali. Vortisiti si kizingia. Tabaka la mpaka ambalo mistari yake yote ya mtiririko imenyooka sambamba limejaa vortisiti. Maji yanayozunguka tundu kwa kasi inayopungua kinyume na umbali kutoka katikati yanazunguka kweli, mtu anayaona, lakini nje ya kiini chao vortisiti ni sifuri. Wengi huja kwenye njia hii wakitarajia picha za maji yanayojiviringa, kisha wakakata tamaa.

Tuweke namba mezani. Hewa inapita juu ya bamba bapa kwa 5 m/s. Mnato wake wa kinematiki (mnato ukigawanya kwa densiti) ni takribani 1.5 × 10⁻⁵ m²/s. Nusu mita kutoka ukingo wa mbele, namba ya Reynolds (kasi mara umbali, gawanya kwa mnato wa kinematiki) ni kama 167,000, kwa hiyo mtiririko bado ni tulivu endapo bamba ni laini na hewa inayoingia haina msukosuko. Suluhisho la Blasius la mwaka 1908, la tabaka tulivu juu ya bamba bapa, linatupa unene wa tabaka wa milimita 6 hivi, na vortisiti ya ukutani ya karibu 1,355 kwa sekunde. Izidishe kwa mnato wa hewa, 1.8 × 10⁻⁵ Pa·s, unapata msuguano wa ukuta wa 0.024 Pa. Badala ya hewa weka maji yanayokwenda kwa 0.5 m/s: nusu mita ileile, tabaka lina milimita 5, vortisiti ya ukutani ni 166 tu kwa sekunde, lakini msuguano unafika 0.166 Pa, karibu mara saba ya ule wa hewa. Kwa hiyo vortisiti kubwa si lazima iwe msuguano mkubwa. Mnato una neno lake.

Bamba moja, simulizi mbili

Msikilize mtu wa kasi na shinikizo akilieleza bamba hili. Ukuta unaizuia giligili inayougusa, safu hiyo inaizuia ya juu yake, na breki hiyo inasambaa kwa nguvu ya mnato kadiri mtiririko unavyosonga mbele. Ndiyo maana tabaka linanenepa kwa kipeuo cha pili cha umbali. Kila hatua ya bamba inanyang'anya momenta kidogo. Simulizi safi, na ukitaka kujua bamba linavutwa kwa nguvu kiasi gani, huna haja ya nyingine.

Sasa msikilize wa vortisiti. Jumlisha Ω yote kuanzia ukutani hadi nje ya tabaka. Kwa kuwa Ω ni mpando wa kasi, jumla yake ni U kamili. Ni 5 m/s ukikata bamba sentimita kumi kutoka mbele, na ni 5 m/s ukikata nusu mita. Kisha uliza ni vortisiti kiasi gani inayobebwa na mtiririko kupita mkato huo: zidisha u kwa Ω, jumlisha, unapata U²/2, yaani 12.5 m²/s². Nayo haibadiliki popote utakapokata.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ina jambo ambalo simulizi ya kwanza haikukuonyesha. Bamba bapa, baada ya ukingo wake wa mbele, haliongezi vortisiti hata chembe. Msuguano unaendelea hadi mwisho wa bamba, lakini vortisiti yote iliingia pale mbele kabisa, mahali mtiririko unapokutana na ukingo na shinikizo kubadilika ghafla. Kuanzia hapo mnato unaitandaza tu. Vortisiti ya ukutani inapungua kwa sababu kiasi kilekile kimetandazwa kwenye tabaka nene zaidi.

Usemi kwamba "mnato ndio unaotengeneza vortisiti" umezoeleka sana, nao unapotosha. Mnato unaihamisha kutoka ukutani kuingia ndani ya giligili. Kinachoitengeneza ni badiliko la shinikizo kando ya ukuta, au ukuta wenyewe kuongeza au kupunguza mwendo. James Lighthill aliuchora ukuta kama chanzo cha vortisiti katika maandishi yake ya mwaka 1963, na B. R. Morton akaitetea hoja ya shinikizo na mchapuko wa ukuta kwa kirefu mwaka 1984.

Ukiwa na shaka, chukua mtiririko wa nje unaoongeza kasi. Vortisiti inayobebwa ni U²/2, kwa hiyo kila mita inaongezeka kwa U mara badiliko la U. Mlinganyo wa Bernoulli unasema kiasi hicho ni sawasawa na kushuka kwa shinikizo kwa kila mita, ukigawanya kwa densiti. Hesabu inafunga bila mnato kutajwa.

Mlinganyo wa ukutani

Huu ndio niliouahidi. Andika mlinganyo wa momenta pale ukutani, kwenye ukuta uliotulia. Kasi ni sifuri, kwa hiyo viungo vyote vya kubebwa na mtiririko vinaanguka. Kinachobaki ni hiki:

ν · dΩ/dy (ukutani) = (1/ρ) · dp/dx

Hapa ν ni mnato wa kinematiki, ρ ni densiti, p ni shinikizo na x ni umbali kando ya ukuta kuelekea mtiririko unakokwenda. Upande wa kushoto ni lugha ya vortisiti: mteremko wa Ω unapoondoka ukutani, mara mnato wa kinematiki. Upande wa kulia ni lugha ya shinikizo. Ikiwa shinikizo linashuka kuelekea mbele, Ω inapungua unapoondoka ukutani, yaani ukuta unamwaga vortisiti mpya ndani ya tabaka. Ikiwa shinikizo halibadiliki, kama kwenye bamba la Blasius, mteremko ni sifuri na ukuta hautoi kitu. Ikiwa shinikizo linapanda kuelekea mbele, mambo yanageuka: ukuta unaanza kutoa vortisiti ya alama kinyume, ambayo inaila ile ya zamani kuanzia chini.

Kubanduka kwa mtiririko, yaani tabaka kuuacha ukuta, ndiko kunakoonyesha vizuri faida ya kuijua lugha ya pili. Tazama silinda iliyosimama katikati ya mtiririko. Upande wa mbele shinikizo linashuka, tabaka linalishwa. Kukaribia upande wa juu shinikizo linaanza kupanda. Mtu wa kasi atasema giligili ya karibu na ukuta imechoka, haina momenta ya kupanda mlima wa shinikizo, inasimama na kurudi nyuma. Ni sawa. Mtu wa vortisiti ataona mapema zaidi: mara tu shinikizo linapoanza kupanda, kilele cha Ω kinaacha ukuta na kuhamia ndani ya tabaka, ilhali kasi bado haionyeshi dalili yoyote ya kurudi nyuma. Kisha Ω ya ukutani inashuka polepole hadi sifuri, na hapo, kwa mtiririko wa pande mbili usiobadilika na wakati, tabaka limebanduka. Kwa silinda na mtiririko tulivu hiyo ni karibu nyuzi 80 kutoka nukta ya mbele.

Kilele hicho kilichohama ni habari nyingine pia. Kilele cha Ω ndicho mahali mchoro wa kasi unapobadilisha mpindo, na tangu Rayleigh mwaka 1880 tunajua kwamba mtiririko usio na mnato hauwezi kuyumba bila badiliko kama hilo la mpindo. Kwenye mchoro wa kasi unahitaji jicho kali kuuona. Kwenye mchoro wa Ω ni nundu ambayo haikwepeki.

Ila ukiwa na mtiririko unaobadilika na wakati, usiitegemee Ω ya ukutani kuwa sifuri kama alama ya kubanduka. Moore, Rott na Sears walionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mahali pa kutazama ni ndani ya giligili, palipo na Ω sifuri katika nukta inayosafiri pamoja na mbanduko wenyewe. Inaweza kutokea mbali na ukuta, na ukuta usikwambie lolote.

Kukokotoa: hapa kasi na shinikizo linaanza kushinda

Faida kubwa ya kasi na shinikizo ni kwamba ukuta unajulikana. Kasi ni sifuri, basi, umemaliza. Shida imehamia kwenye shinikizo, ambalo halina mlinganyo wake wa wakati. Kazi yake ni kuhakikisha giligili haijirundiki mahali. Shida hiyo ina dawa za siku nyingi: mpangilio wa gridi wa Harlow na Welch wa mwaka 1965, mbinu ya Chorin ya kukadiria kasi kisha kuisahihisha kwa shinikizo ya mwaka 1968, na ile ya Patankar na Spalding ya mwaka 1972 ambayo imezaa kizazi kizima cha programu za viwandani. Ukichukua programu yoyote kubwa ya mtiririko leo, karibu hakika ndani yake mna mmojawapo wa watoto wa mbinu hizo.

Upande wa vortisiti, kwa pande mbili, mvuto wake unaeleweka. Shinikizo linatoweka kabisa. Ω inasafiri na mtiririko na kusambaa kwa mnato kama joto, na kasi unaipata kutoka fanksheni ya mtiririko, ψ, ambayo miteremko yake ndiyo kasi. Vitu vitatu vya kutafuta vimekuwa viwili, na giligili haiwezi kujirundika hata ukitaka.

Kisha unafika ukutani. Joto la ukuta unaweza kulijua, lakini Ω ya ukutani nani kakupa? Hakuna. Kasi ya ukutani ina masharti mawili, haipenyi na haitelezi, na yote mawili yanaiangukia ψ, wakati Ω imeachwa mikono mitupu. Inabidi uitengeneze. Fomula ya zamani zaidi inayotumika hadi leo ni ya Thom, ya mwaka 1933:

Ω ya ukutani = 2(ψ₁ − ψ₀)/h²

Hapo ψ₀ ni thamani ya ukutani, ψ₁ ni ya nukta ya kwanza ya gridi, na h ni umbali kati yao. Ukiitazama kwa makini utaona imejengwa kwa kudhani kwamba Ω haibadiliki kati ya ukuta na nukta ya kwanza. Kiungo kilichoachwa ni h/3 mara mteremko wa Ω, na mteremko huo tumeshaujua: ni badiliko la shinikizo, ukigawanya kwa mnato. Kwa maneno mengine, fomula hii inapendeza zaidi pale pasipo na badiliko la shinikizo. Anayeijaribu programu yake kwenye bamba la Blasius peke yake ameijaribu mahali ambapo haiwezi kumwaibisha.

Kwa haki ya Thom, ndani ya programu inayotatua ψ na Ω kwa pamoja mambo huwa mazuri kuliko kiungo hicho kinavyotisha, kwa sababu makosa yanafidiana. E na Liu walieleza mwaka 1996 jinsi usahihi wa jumla unavyobaki wa daraja la pili. Mimi bado ningeijaribu kwenye mtiririko wenye shinikizo linalopanda kabla ya kuamini picha zake.

Matatizo mengine ya njia hii yanakuja kwa wingi kidogo. Ukiwa na miili miwili ndani ya mtiririko, thamani ya ψ kwenye mwili wa pili huijui, na unahitaji sharti la ziada ili shinikizo lirudi lilipotoka ukiuzunguka mwili huo. Ukitaka nguvu ya kuinua au ya kukokota, shinikizo ulilolitupa unalirudisha kwa hesabu ya pembeni. Ukiingia pande tatu, Ω inakuwa na vijenzi vitatu, ψ inakuwa vektori yenye vitatu vingine: sita dhidi ya vinne vya kasi na shinikizo. Juu yake panakuja kiungo cha kuivuta mistari ya vortisiti, ambacho pande mbili hakikuwepo, na wajibu wa kuhakikisha mistari hiyo haikatiki katikati ya giligili kwa makosa ya kukokotoa. Na giligili ikiwa na densiti inayobadilika, shinikizo unalojivunia kulitupa linarudi kupitia mlango wa nyuma.

Sasa, lini ningechagua vortisiti licha ya haya yote? Pale mtiririko ni wa nje na wa pande mbili, mwili mmoja au michache, na wakati ni muhimu. Nje ya tabaka na mkia wake Ω ni sifuri, hivyo huna haja ya kukokotoa huko. Njia za chembe za vortisiti, ambazo Chorin alizifungulia mlango mwaka 1973, zinaweka chembe pale tu penye vortisiti na kuziacha ziende na mtiririko. Koumoutsakos na Leonard mwaka 1995 waliikokotoa silinda inayoanza kwenda ghafla kwa namba za Reynolds kutoka 40 hadi 9,500 kwa njia ya aina hii, na ukutani walitumia wazo lilelile la Lighthill: kila hatua ya wakati giligili inateleza kidogo, na ukuta unatoa vortisiti ya kutosha kuufuta utelezi huo. Kwa mtazamo wangu hapo njia imeitumia fizikia ya ukuta badala ya kupambana nayo, na ndiyo sababu inafanya kazi.

Pia kuna njia ya kati, ambayo watu huisahau wanapogawanyika makundi. Kim, Moin na Moser mwaka 1987 walikokotoa mtiririko wa msukosuko kati ya kuta mbili kwa nukta karibu milioni 4. Hawakubeba shinikizo wala vortisiti nzima. Walichukua kijenzi kimoja tu cha vortisiti, kile kilichosimama wima kutoka ukutani, pamoja na mlinganyo wa kasi ya wima. Ukutani kijenzi hicho ni sifuri kwa hakika, maana ukuta usiotelezesha haukubali vortisiti inayousimamia, na kwa hiyo kikwazo cha sharti la mpaka cha kubuni hakipo. Lakini inataka kuta bapa na mtiririko unaojirudia katika mielekeo yote miwili iliyo sambamba na kuta. Kwenye bawa lenye mpindo usiijaribu.

Msukosuko, na picha zinazodanganya

Karibu na ukuta wenye mtiririko wa msukosuko, wengi huchora ukubwa wa vortisiti wakitarajia kuona vizingia. Wanachoona ni blanketi moja lililoufunika ukuta, kwa sababu mpando wa kasi ya wastani pale ni mkubwa mno na unavimeza vizingia vyote. Hapo vortisiti kama picha imeshindwa. Tumia kigezo cha Q kilichopendekezwa na Hunt, Wray na Moin mwaka 1988, au lambda-2 cha Jeong na Hussain cha mwaka 1995. Vyote vinatofautisha kujizungusha na kukwaruzana, na vyote unavikokotoa kutoka kasi. Hii ni alama nyingine kwa njia ya kwanza, na haipingwi.

Kupima maabarani

Kasi unaipima, vortisiti unaikadiria kutoka tofauti za kasi, na kutofautisha kunakuza makosa. Rudi kwenye bamba letu la hewa. Tuseme kila kipimo cha kasi kina shaka ya asilimia 1 ya U, yaani 0.05 m/s, jambo ambalo wengi wangelifurahia. Chukua vipimo viwili vilivyoachana milimita 0.2, vitoe, gawanya. Shaka ya Ω ni takribani 350 kwa sekunde. Thamani halisi ya ukutani ni 1,355. Asilimia 1 imegeuka kuwa robo. Ukiviachanisha zaidi ili kupunguza kelele, unaanza kulainisha nundu uliyokuwa unaitafuta, katika tabaka ambalo zima ni milimita 6.

Kwa hiyo anayepima aripoti kasi, na vortisiti aitoe kwa kulinganisha mkunjo laini na vipimo vingi, si kwa kutoa viwili viwili.

Kwa ufupi, nani achukue ipi

| Kazi yako | Ningechukua |
|---|---|
| Pande tatu, umbo gumu, unataka nguvu na msuguano | Kasi na shinikizo |
| Pande mbili, mtiririko wa nje, mwili mmoja, unabadilika na wakati | Vortisiti, hasa chembe |
| Msukosuko kati ya kuta bapa, utafiti | Njia ya kati ya 1987 |
| Kuonyesha vizingia karibu na ukuta | Kasi, kisha Q au lambda-2 |
| Kueleza kwa nini tabaka limebanduka | Vortisiti, hata kama ulikokotoa kwa kasi |

Sehemu ambayo zote mbili zinahitajika

Tuseme umepima au umekokotoa kasi, u₁, kwenye nukta ya kwanza juu ya ukuta, na unataka Ω ya ukutani ili ujue tabaka linabanduka wapi. Wengi hugawanya u₁ kwa h na kusonga mbele. Hesabu hiyo inaacha kiungo cha h/2 mara mteremko wa Ω. Weka namba: hewa, shinikizo linapanda kwa 10 Pa kila mita, h ni milimita 0.2. Mteremko wa Ω ni 10 gawanya kwa 1.8 × 10⁻⁵, karibu 556,000 kwa sekunde kwa mita. Mara nusu ya h, kosa ni 56 kwa sekunde.

Penye Ω ya 1,355, kama ile ya nusu mita kwenye bamba letu, kosa hilo ni asilimia 4 na hakuna atakayelalamika. Lakini halipungui Ω inapopungua. Pale tabaka linapobanduka kweli, Ω ya ukutani ikiwa sifuri, nukta yako ya kwanza bado inaonyesha kasi ya milimita 11 kwa sekunde kuelekea mbele, na hesabu yako inaapa kwamba tabaka limeshikamana na ukuta. Utakuja kuuona mbanduko mbali zaidi ya ulipo, kule mtiririko unakoelekea, na utalaumu mfano wa msukosuko, gridi au kamera.

Marekebisho yake unayo tayari kutoka mlinganyo wa ukutani:

Ω ya ukutani = u₁/h − (h/2μ) · dp/dx

Hapo μ ni mnato wenyewe, ule wa Pa·s. Kiungo cha kwanza kinatoka kwenye kasi, cha pili kinatoka kwenye shinikizo la ukutani, ambalo kwa kawaida hupimika kwa usahihi zaidi kuliko mteremko wa kasi. Kinafaa kwa mtiririko tulivu na kwa h ndogo kulinganisha na unene wa tabaka; kwenye msukosuko mkali kiungo kinachofuata nacho kinaanza kudai nafasi yake. Ukiwa na vitobo vya shinikizo kwenye bamba lako, vitumie kwa kazi hii kabla hujaagiza lenzi kali zaidi.